Mwenye Shimo ni Nani?
Somo juu ya migodi iliyofungwa na maji ya chini ya ardhi

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mistari ya 33 na 34, iko sheria fupi ambayo wengi wetu twaipita upesi, kwa kuwa imewekwa katikati ya habari za ng'ombe wenye kupiga pembe na za wezi wa mifugo. Yahusu mtu aliyefungua shimo au kulichimba, kisha akaliacha bila kifuniko. Mnyama wa jirani akitumbukia humo, mwenye shimo hana budi kulipa. Haiulizwi kama bado alikuwa akilitumia shimo lile, wala kama alikuwa na nia mbaya. Shimo ni lake, na hasara ni yake.

Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya mashimo ambayo mtu aweza kuyaona akisimama ukingoni. Siku hizi wanadamu huchimba mashimo yanayokwenda chini zaidi ya kilomita moja, yenye njia nyingi za pembeni. Tena kinachotumbukia humo si punda. Ni maji, nayo hayakai alipoyaacha mtu. Je, mwenye shimo akiisha kuuza, au kampuni yake ikifilisika, na maji machafu yakatokea kisimani kwa mtu mwingine baada ya miaka 20, nani atalipa? Hilo ndilo swali la somo letu.

Huenda ndugu yetu wa Mbagala au wa Kawe akasema, "Mambo ya migodi yatuhusu nini sisi? Hapa kwetu hakuna dhahabu." Namwomba avumilie kidogo. Tutafika Kunduchi kabla ya kumaliza.

Pampu inapozimwa

Kila fundi wa visima wa Temeke ajua kwamba ukichimba hadi kina fulani mchanga huwa umelowa, na ukiendelea maji hujikusanya miguuni. Mchimba kisima hufurahi. Mchimba madini kwake huo ni msiba, kwa hiyo huweka pampu, nazo hufanya kazi usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, ili mahandaki yawe makavu na watu wapate kufanya kazi. Muda wote huo maji ya ardhini katika eneo zima hushuka, na mwamba uliolala ndani ya maji tangu zamani hupata hewa kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo uharibifu unapoanza. Katika migodi mingi ya shaba, dhahabu na makaa ya mawe mna jiwe liitwalo pairiti, ling'aalo kama dhahabu hata likawadanganya wengi. Limefanyika kwa chuma na salfa. Likiwa ndani ya mwamba mzima, lisiguswe na hewa, halina neno. Likipasuliwa kwa baruti na kupata hewa pamoja na unyevu, huanza kuharibika jinsi chuma kishikavyo kutu, na salfa yake hugeuka kuwa asidi, ya namna ile ile iliyomo katika betri ya gari. Viko hata vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huishi kwa chakula hicho na kuiharakisha kazi. Asidi nayo huyeyusha madini mengine yaliyomo mwambani: shaba, kobalti, nikeli, zinki, na penginepo risasi na aseniki.

Siku mgodi unapofungwa, pampu huzimwa, maana hakuna atakayependa kulipia umeme wa mgodi usiozalisha kitu. Maji hupanda polepole, yakikosha kuta za mahandaki na kuchukua ile asidi na chumvi za madini zilizojikusanya kwa muda mrefu. Yaweza kuchukua miaka michache, yaweza kuchukua makumi ya miaka. Kisha hutafuta njia: kwenye mdomo wa shimo la zamani, kwenye chemchemi ya bondeni, au ndani ya nyufa za mwamba mpaka kwenye kisima cha mtu ambaye hajapata kuuona mgodi maishani mwake. Mara nyingi wakati huo kampuni imekwisha kuvunjwa, mameneja wamekwisha kwenda kwao, na ofisi imekuwa nyumba ya popo.

Ndiyo sababu sheria ya mambo haya ni ngumu kuliko ile ya moshi wa kiwanda. Moshi huonekana unakotoka, na siku kiwanda kinapofungwa moshi nao hukoma. Mgodi hufanya kinyume. Madhara yake makubwa kwa maji yaweza kuanza baada ya kazi kwisha.

Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori

Mfano wa karibu nasi katika Afrika Mashariki ni Kilembe, wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda. Shaba ya huko ilianza kuchimbwa kwa wingi mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, nayo ikawa ikisafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Kwa muda mrefu shaba ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoiletea Uganda fedha za kigeni. Zaidi ya tani milioni 16 za mawe zilitolewa mlimani. Katika miaka ya 1970 Serikali iliutwaa mgodi, hali ya uchumi ikawa mbaya, na mwaka 1982 uchimbaji ukasimama.

Katika bonde jembamba la mto Nyamwamba yalibaki malundo ya mabaki, yaani ule unga wa mawe unaotupwa baada ya shaba kutolewa. Mlimani yalibaki mahandaki. Sehemu za chini zikajaa maji, na maji ya mgodi yakawa yakitoka na kuingia mtoni. Na huko Kasese liliachwa lundo kubwa la pairiti yenye kobalti, lililokusanywa kwa matumaini ya kuuzwa siku moja. Mvua zilipolinyeshea, maji yake ya asidi yalitiririka kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth, yakaacha ukanda wa ardhi ambao majani yake yalikufa. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulishughulikia lundo hilo kwa kuwatumia vijidudu wale wale niliowataja, ikapata kobalti ya kuuza. Kazi hiyo yastahili sifa, ingawa hatuwezi kuifanya kuwa kanuni. Si kila taka ina kobalti ya kutosha kulipia gharama za usafi.

Mabaki ya bondeni hayakupata bahati hiyo. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika kwa nguvu, ukaua watu na kubomoa nyumba. Mei 2020 ulifurika tena na kuiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Kila mafuriko hukata kingo za malundo na kuyapeleka mabaki kwenye mashamba na kuelekea Ziwa George, ambako watu huvua samaki. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2016 walipima udongo, vyakula na maji katika bonde hilo, wakakuta kobalti iliyozidi kiasi mtoni, na pia katika baadhi ya maji yanayotumiwa majumbani.

Mwenye shimo hilo ni nani? Walioanza kuchimba ni kampuni ya wageni. Baada yao ikaja Serikali. Mwaka 2013 mgodi ulikodishwa kwa kampuni ya Kichina iitwayo Tibet Hima, na mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa. Kila mmoja aweza kumnyoshea mwenziwe kidole. Sheria kuu ya mazingira ya Uganda ilitungwa mwaka 1995, yaani miaka 13 baada ya uchimbaji kusimama. Basi mzigo umewaangukia Serikali na wakulima wa bondeni, na hawa wa pili ndio wasiopata hata senti moja ya shaba ile.

Hukumu ya Orkney

Nchi iliyopata kuliona jambo hili kwa ukubwa wake ni Afrika Kusini, kwa sababu imechimba dhahabu tangu karne ya 19. Karibu na mji wa Krugersdorp, magharibi ya Johannesburg, pampu za migodi ya zamani zilizimwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mahandaki yalikuwa yameunganishwa yenyewe kwa yenyewe, hivyo yakajaa kama mtungi mmoja. Mwaka 2002 maji yalifika juu. Yalikuwa makali, yenye rangi ya kutu, yakaingia katika kijito kinachopita hifadhi ya wanyama. Miaka 10 baadaye Serikali ilikuwa ikigharimia pampu na chokaa ya kuyapunguza makali, kwa fedha za walipa kodi.

Nataka tukae zaidi kwenye tukio jingine la nchi hiyo hiyo, maana ndani yake sheria ya shimo iliwekwa kwenye mizani. Katika eneo la Klerksdorp na Orkney migodi kadhaa ilikuwa jirani. Mmoja ulipokufa, maji yake yalitishia kumiminika katika mingine na kuchafuka yakiwa njiani. Mwaka 2005 ofisi ya maji ya Serikali ilitoa amri kwamba kampuni zilizohusika zishirikiane kuyavuta maji hayo na kugawana gharama. Miongoni mwao ilikuwa kampuni ya Harmony. Baada ya muda Harmony iliuza migodi yake ya Orkney kwa kampuni ya Pamodzi, na mwaka 2009 Pamodzi ikafilisika. Harmony ikasema: ardhi si yetu tena, amri haituhusu, ifutwe.

Hoja yao haikuwa ya kijinga. Sheria ya Maji ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 humtaja mwenye ardhi, anayeitawala, au anayeitumia. Aliyeuza si mmoja wa hao. Mtu aliyeuza nyumba yake Magomeni hatarajii kuitwa mwakani kuja kuziba paa linalovuja. Lakini Mahakama ya Rufani, katika hukumu ya Desemba 2013, iliikataa hoja hiyo. Amri ilipotolewa, Harmony ilikuwa yenye mgodi. Wajibu ulikwisha kuishika, na kuuza ardhi hakukuufuta. Kama ingekuwa vinginevyo, kila mchafuzi angeweza kuuza shimo lake kwa yeyote asiye na kitu na kwenda zake, na shabaha ya sheria ingepotea.

Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Hata hivyo tusiifurahie kupita kiasi. Ilipatikana kwa sababu Harmony ilikuwa bado hai na yenye fedha. Hukumu dhidi ya kampuni iliyokufa ni karatasi tu. Tena kesi kama hiyo huchukua miaka, na maji hayasubiri tarehe ya mahakama.

Fedha ziwekwe kabla

Kutokana na mambo hayo, nchi nyingi zimejifunza kwamba wajibu wa mwenye mgodi lazima ufungwe mapema, siku ya kufungua, mfuko wake ungali na kitu. Katika nchi yetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Madini ya 2010 ziliweka njia ya kumtaka mwenye mgodi mkubwa aandae mpango wa kuufunga na kuweka dhamana ya fedha. Dhamana maana yake ni hii: asipotengeneza alichokiharibu, Serikali inachukua fedha hizo na kutengeneza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, namba 11 ya 2009, nayo humtaka mwenye ardhi au anayeitumia achukue hatua za kuzuia uchafuzi wa maji, yakiwemo ya chini ya ardhi, na huziweka Bodi za Maji za Mabonde kuwa wasimamizi. Sisi wa Dar es Salaam tuko chini ya Bonde la Wami/Ruvu.

Sheria hizo si mapambo, kwa maana migodi yetu mikubwa ya wakati huu imeanza kufika mwisho. Golden Pride ya Nzega, uliokuwa wa kwanza miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya kizazi hiki, ulisimamisha uzalishaji mwaka 2013. Buzwagi ya Kahama uliofunguliwa mwaka 2009 ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021. Shimo la wazi la namna hiyo likiachwa hugeuka kuwa ziwa.

Dhamana peke yake haitoshi. Maji hupimwa ili kulinganishwa, na huwezi kulinganisha na kitu usichokuwa nacho. Mtu akisema kisima chake kimeharibiwa na mgodi, wakili wa kampuni atamwuliza: kabla ya mgodi kilikuwaje? Asipokuwa na jibu, kesi yake imelegea. Kwa hiyo msimamizi mwenye akili hudai maji yapimwe kabla ya jembe la kwanza, visima vya uchunguzi vichimbwe kuuzunguka mgodi, na vipimo viendelee kuchukuliwa miaka mingi baada ya lango kufungwa. Hapo kwenye miaka ya mwisho ndipo pengi hulegea, kwa sababu hakuna tena anayetazama. Dhamana ikirudishwa mapema mno, yaani maji yangali yanapanda, imekuwa kazi bure.

Na sisi wa Dar es Salaam?

Sasa nimjibu yule ndugu wa Kawe. Mashimo tunayo. Upande wa Kunduchi na Boko yamechimbwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mawe, kokoto na chokaa, na mengine yameachwa, hujaa maji wakati wa masika. Mawe yetu hayana tabia ya yale ya Kilembe. Ni mawe ya matumbawe, ambayo ni jamii ya chokaa, na chokaa ndiyo dawa wanayoitumia Krugersdorp dhidi ya asidi. Kwa hiyo mtu asije akawatisha watu wa Kunduchi kwamba visima vyao vitakuwa na asidi ya mgodi.

Hatari ya kwetu ni ya namna nyingine. Mwamba wa matumbawe una matundu na nyufa nyingi, na maji hupita humo upesi bila kuchujwa kama yachujwavyo na mchanga mzuri. Shimo lililoachwa huita takataka. Leo gari moja humwaga kifusi, kesho jingine humwaga oili chafu ya gereji, keshokutwa gari la kunyonya vyoo hupita usiku. Kinachomwagwa humo kimekwisha kuwekwa karibu na maji, maana lile tabaka la udongo ambalo lingekizuia tulikwisha kuliondoa wenyewe.

Wakazi wa huko walikwisha kulijua neno hili mbele ya mahakama. Mwaka 1988 watu wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi na kunuka kati ya nyumba zao, wakashinda. Halmashauri ilipoomba iongezewe muda, Jaji Lugakingira alistaajabu waziwazi kuona chombo cha umma kikiiomba mahakama ruhusa ya kuchafua. Ndipo takataka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi zaidi ya 700 wa Mtongani walikwenda Mahakama Kuu, nao wakapata amri ya kuzuia. Watu hao hawakuwa na sheria ya 2004 wala ya 2009 mkononi. Sisi tunazo zote mbili.

Tena sisi twahitaji maji ya ardhini kuliko wao walivyoyahitaji wakati ule. Ukame wa 1997 ulipopunguza maji ya mto Ruvu, visima virefu vilichimbwa kwa haraka sehemu nyingi za jiji, na tangu hapo watu binafsi hawajaacha kuchimba. Katika Temeke na kusini yake familia nyingi huishi kwa maji ya kisima, cha kwao au cha jirani anayeuza kwa ndoo. Mashimo ya vyoo yako hatua chache kutoka hapo.

Jambo moja la nyumbani lasahauliwa mara nyingi. Kuchemsha maji huua vijidudu, na tuendelee kuchemsha. Lakini kuchemsha hakuondoi madini, wala chumvi, wala naitreti itokayo vyooni, ambayo ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Maji yakipungua sufuriani, vitu hivyo hubaki, na kiasi chake katika kila kikombe huongezeka. Njia ya kuvijua ni kupima katika maabara ya maji, na inafaa majirani wachangiane kupima kisima wanachokitegemea wote, kisha waitunze karatasi ya majibu pamoja na tarehe yake. Karatasi hiyo ndiyo jibu la swali la wakili tulilolitaja juu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

Soma Kutoka 21:33-34. Je, Mahakama ya Afrika Kusini ilifuata roho ya sheria hii, au iliipita? Anayenunua shimo achukue sehemu gani ya wajibu?

Katika mtaa wenu yako mashimo yaliyoachwa? Nani aliyachimba, na kwa kibali cha nani? Visima vilivyo jirani navyo vimepata kupimwa lini?

Mtu mwenye shimo kiwanjani mwake akilipwa ili gari limwage uchafu humo usiku, na kisima cha jirani kikaharibika baada ya miaka mitano, mwenye shimo ni nani: yeye, mwenye gari, au ofisa aliyelijua jambo hilo akanyamaza?